Jeli ya Machungwa

Kilichomtia seremala aibu ni kwamba mtu aliyemwonea wivu hakuwa na mali, wala gari, wala sura ya kusimulia. Alikuwa na mwiko tu.

Mkewe alikuwa nesi. Aliitwa kwenye mafunzo ya wiki moja mji wa mbali, naye seremala akafunga karakana amsindikize. Huu ulikuwa mwaka wa pili mkewe hagusi chakula kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, yai, maziwa, hata asali. Nyumbani hakukuwa na taabu, sufuria anazijua mwenyewe. Safarini ndiko kwenye kazi, maana huko mnyama hujificha. Utaletewa supu ya mboga kumbe imeanzia kwenye mifupa; utaletewa mkate mkavu kumbe umepakwa siagi ung'ae.

Siku ya kwanza, mpishi wa nyumba ya wageni walikofikia alitoka jikoni amekumbatia pakiti zake zote, akazipanga mezani, akavuta kiti. Yeye na nesi wakainamia maandishi, vichwa karibu vigusane.

"Hii ina unga wa maziwa, dada. Itoke."

"Na hizi biskuti?"

"Mafuta ya ng'ombe. Wameyaandika kwa herufi za sisimizi ili tusiyaone!"

Nesi akacheka mpaka akashika mbavu. Seremala akajaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha hivyo, asikumbuke. Kwa muda huo wote hakuwahi kusoma pakiti hata moja. Alizoea kusema, "Si uitoe nyama pembeni, ule mchuzi?"

"Na wewe shemeji," mpishi akamgeukia, "unakula nini?"

"Chochote."

Shemeji! Undugu huo umeanza lini? Seremala alitabasamu kwa meno, roho ikimchoma kama aliyemeza pilipili nzima.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mkewe akiwa darasani, alipita jikoni kuomba maji ya moto. Mpishi alikuwa akikoroga kitu kwenye sufuria ndogo.

"Jeli ya machungwa, shemeji. Dada aliniambia hajala jeli tangu aanze utaratibu wake. Nimepata unga wa mwani wa kuigandishia sokoni, wamenipimia kwenye karatasi."

Seremala akavuta pumzi. Chini ya harufu ya machungwa kulikuwa na harufu nyingine, anayoijua kuliko jasho lake. Ilikuwa ya gundi anayochemsha karakanani kuunga viti vya kale, gundi ya ngozi na mifupa. Mpishi wa watu alikuwa ameuziwa unga wa mifupa akidhani ni mwani.

Angesema pale pale. Hakusema. Alichukua maji yake, na kila hatua ya korido moyo ulimwambia: mwache mkeo ale vijiko viwili. Kisha sema. Tuone huyo bingwa wa herufi za sisimizi ataficha wapi uso.

Saa saba jeli ikaletwa, inatikisika kwenye bakuli.

"Umeigandisha kwa nini?" nesi akauliza, kama alivyouliza kila mlo.

"Mwani mtupu, dada."

Nesi akachota. Kijiko kikapanda. Seremala akakitazama kikipita kifua, kikipita kidevu, na mkono wake ukatangulia akili, ukamshika mkewe kifundo cha mkono.

"Usile. Ni mifupa."

"Mifupa gani tena, shemeji?"

Seremala akachukua kipande, akakibana kati ya vidole viwili. Kikayeyuka kwa joto la mkono. Alipovitenganisha, vidole viling'ang'aniana. "Jeli ya mwani ingemeguka. Hii ni gundi. Mimi huichemsha kila wiki."

Mpishi akashika kichwa. "Nisamehe, dada. Nilimwamini muuzaji kwa mdomo wake." Akabeba bakuli, akarudi jikoni ameinama.

Nesi hakumtazama mpishi. Alimtazama mumewe.

"Umeigusa sasa hivi tu. Lakini ulisema kabla hujaigusa. Umejua tangu lini?"

Hapo angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema kweli.

"Tangu saa nne. Nilitaka ule kidogo, ndipo niseme. Aumbuke."

"Kwa kinywa changu?"

"Kwa kinywa chako."

Nesi akafuta kijiko kwa kitambaa, taratibu, pande zote mbili. "Yeye hakujua," alisema. "Asante kwa kunizuia, baba. Ila leo niache nile peke yangu."

Seremala akachukua sahani yake, akaenda kukaa uani. Kupitia dirishani alimwona mkewe akimenya kiazi cha kuchemsha, akikitia chumvi. Kiti alichozoea kukalia mpishi kilikuwa kitupu, na hata katika aibu ile yote, seremala alijikuta akifurahi kukiona hivyo. Akaweka kijiko chini.