Mama Kufuli Aenda kwa Wakwe

Mkono uliotia saini ya kufunga benki tatu bila kutetemeka sasa ulisita mbele ya kengele ya geti.

"Bonyeza, Mama," mwanawe alinong'ona. "Ni kengele tu hiyo."

Mama huyo alianza kazi akiwa mkaguzi wa chini, akitumwa matawi ya mbali ambako vyumba vya hazina vilinuka panya. Haba na haba, akapanda hadi ukurugenzi wa usimamizi wa mabenki. Aliipenda kazi ile, ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa. Ila wenye mabenki walimpachika jina la Mama Kufuli. Akiketi meza moja nao harusini, waliokuwa wakicheka waligeuka kukohoa.

Na mwanawe, katika mabinti wote wa dunia, akampenda binti wa mmoja wa wale aliowafungia. Miaka saba nyuma mtu yule aliketi mbele yake, tai imelegea, akiomba wiki moja tu ya kuiokoa benki yake. Alimnyima.

Ndiye aliyefungua geti, amevaa mabuti, viganja vimejaa udongo. Siku hizi alikuwa akiotesha miche ya kuuza.

"Karibu, mkwe! Afadhali leo umekuja bila polisi."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. Mama Kufuli naye akacheka, ingawa kwa kuchelewa.

Lakini mke wa mwenyeji hakutokea sebuleni. Chai ilikawia, mazungumzo yakaanza kuchechemea. Mama Kufuli akaelewa, akainuka, akaelekea jikoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa amempa kisogo, akikata vitunguu.

"Mume wangu hana kinyongo," alisema bila kugeuka. "Mimi ninacho. Ulimnyima wiki moja."

"Nilimnyima."

"Na leo angeomba tena, ungempa?"

Uongo mtamu ulimjia hadi ncha ya ulimi. Ndoa ya mwanawe ilikuwa mikononi mwa mama huyu.

"Hapana, dada yangu. Akiba za watu zilikuwa zikivuja kila siku. Tulifunga zikiwa bado zinatosha kumlipa kila mtu. Wiki ile ingezimaliza."

Kisu kikatulia juu ya ubao.

"Walilipwa wote?"

"Wote."

Mwenye nyumba akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na vitunguu peke yake havikuwa na nguvu hiyo.

"Kumbe," alisema taratibu. "Miaka yote hii watu sokoni wananisalimia kwa heshima, nami nadhani wananihurumia."

Akajipangusa uso kwa ukingo wa khanga, akasukuma bakuli upande wa pili wa meza.

"Haya, vua saa hiyo. Mkwe hasimami mlangoni kama mgeni. Karoti zile pale. Na usizikague, zikate!"

Mama Kufuli akakunja mikono ya gauni. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya baba mtu akimweleza kijana namna ya kuhamisha mche bila kuushtua mzizi. Alikata karoti vipande vinene kwa vyembamba, wala hakuna aliyemsahihisha.