Maana ya Shepu

Asubuhi hiyo Mhariri alikung'uta makombo ya mkate kwenye rasimu ya kamusi, akaisoma kwa sauti maana iliyopitishwa jana yake: "shepu, umbo la mwanamke linalovutia." Aliitunga mwenyewe, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Alikuwa amegundua kwamba neno hilo, "shape" la Kiingereza, kwa Waingereza wa kale lilitokana na kuumba, kama neno letu "umbo" lilivyotokana na kuumba. Jambo hilo alimsimulia kila aliyekosa pa kukimbilia.

"Kwa hiyo nyinyi wanaume hamna shepu?" mkewe akauliza.

"Kikamusi, hatuna."

Kesho yake Mhariri kweli hakuwa na shepu. Alikuwa amesambaa kitandani kama uji uliomwagika, akili timamu, miwani ikielea juu. Mkewe alimkusanya kwenye beseni, akamlaumu kidogo kwa kumchelewesha, akampeleka kazini.

Mwenyekiti wa jopo la kamusi alilisogeza beseni lisipigwe na feni. Mhariri akaeleza shida yake bila kuzunguka: neno moja tu libadilishwe, "mwanamke" liwe "mtu", naye arudi alivyokuwa. Mwenyekiti akataka kujua ni mwanamume gani aliyewahi kusemwa kuwa ana shepu.

"Huyu," mkewe akasema. "Alikuwa nayo. Nilikuwa nikimtazama akipiga pasi, nasahau nilichotaka kusema."

Wajumbe wakaanza kuinua mikono kukubali. Mhariri alifurahi mpaka akafanya mawimbi, maana miaka yote ya ndoa hakuwahi kuambiwa hivyo. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Kabla hajajizuia, sauti yake ilishatoka kwenye beseni.

"Naomba kuweka sawa. Huo ni ushahidi wa mdomo, tena wa mke. Utaratibu unataka mfano ulioandikwa."

Utaratibu huo aliuweka yeye. Mikono ikashuka, maana ikabaki vilevile, na wajumbe wakampongeza kwa msimamo wake.

Njiani mkewe alilibeba beseni akitazama mbele tu. Mhariri aliona aibu, aibu ya kweli, na ilikuwa nusura afurike.

Nyumbani mkewe alitoa suti ya harusi, akafunga miguu ya suruali kwa kamba, akammimina taratibu kupitia kwenye kola. Mhariri akasimama, akakaribia kuwa mtu.

"Lile la pasi," akasema, "hebu lirudie."

Mkewe akamfunga kifungo cha juu.

"Leta ombi la maandishi."

Mikono ya koti ilikuwa bado haijajaa, kalamu angeishikaje.