Mgeni wa Kipato cha Kati

Jumamosi hiyo Celestine alikuwa amechuchumaa kando ya karai la mafuta, akigeuza mgongo wazi. Ndivyo watu wa mtaa wao wa Obunga wanavyoita mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, inayotoka viwandani: kichwa, uti na mkia, baada ya minofu kukatwa na kulazwa kwenye barafu ili isafiri kwa ndege. Redio ya jirani yake, Wakhisi, muuza samaki mwenzake, ilikuwa ikisema kwamba hesabu za uchumi zimefanywa upya, na kwamba nchi imetoka kundi la nchi maskini na kuingia kundi la nchi za kipato cha kati.

"Umesikia, Mama Lornah?" Wakhisi alipaza sauti. "Tumepanda darasa."

"Na mtihani tulifanya saa ngapi?"

Alipokuwa akisonga ugali wa mchana, mgeni aliingia. Alikuwa mwanamume wa makamo, si mrefu si mfupi. Koti lake lilikuwa zuri upande mmoja na limechakaa upande wa pili. Mguu wa kulia ulivaa kiatu cha ngozi, wa kushoto akala ya tairi. Mkono wa kulia ulikuwa laini, wenye pete ya dhahabu. Wa kushoto ulikuwa na makovu ya mafuta. Celestine aliyatambua makovu hayo, kwa sababu yalikuwa yake mwenyewe.

"Karibu, Baba," alisema. "Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mwananchi wa wastani. Mlijumlishwa, mkagawanywa, nikapatikana."

Kwa watu wa ziwani, mtu akikukuta unapika humfukuzi. Celestine alimnawisha mikono, akampa kiti chenye mgongo, akaombea chakula na kumtaja katika sala. Lornah, bintiye wa pekee, alimsogezea kichwa cha samaki, maana ndiyo sehemu ya heshima, na kwa mgongo wazi ndiyo sehemu yenye kitu. Mgeni hakukigusa. Alisema ameshiba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Wakhisi alisema kutoka mlangoni, akimpima kwa macho. "Wangu ameingia asubuhi. Amelala kitandani kwangu na viatu."

Jumapili mchungaji aliwaomba wageni wasimame, na kanisa likaonekana limejaa mara mbili. Watu walimshukuru Mungu kwa kuinuliwa. Mfuko wa sadaka ulipopita, kila mgeni alitia mkono na kuutoa, na mfuko haukuongezeka uzito.

Jumatatu Celestine alimpeleka Lornah zahanati. Mtoto huyo alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule unaozipinda chembe za damu hadi zikwame na kuuma mifupani. Alikuwa na vidonge vyake vya kila siku, vilivyoletwa bure na mradi wa wafadhili, na tangu aanze kuvimeza alikuwa akienda shule kama watoto wengine. Mgeni aliwafuata nyuma, kiatu kimoja kikilia, kingine kimya.

Tabibu wa zahanati, Enos, hakufungua kabati.

"Mama, mradi umefungwa. Wamesema sasa wanaenda kusaidia nchi maskini."

"Na sisi ni nini?"

"Sisi tumetoka huko." Enos alimtazama mgeni. "Huyu anakaa kwako?"

"Alinikuta napika. Ningemfukuza?"

"Ulimnawisha mikono?"

"Nilimnawisha."

"Basi ni wa nyumba yako. Na nyumba yenye huyu haihesabiwi maskini."

Hasira ilimpanda Celestine hadi masikioni. "Kama ni wangu, alipe yeye. Si ana pete?"

Mgeni hakukataa. Alitoa pochi nene, akaifungua mbele yao. Noti zilikuwamo, mpya, zimepangwa vizuri. Celestine alizishika, na vidole vyake vikazipenya kama mtu anayeshika sura yake majini.

"Hizo huwa hazishikiki," Enos alisema kwa upole. "Hata kwangu yuko mmoja. Hana kelele."

"Daktari, nisikilize. Minofu wanakula wengine, shibe inaandikwa jina langu. Sasa hata dawa ya mtoto inaondoka kwa sababu ya shibe hiyo. Mungu gani anapiga hesabu namna hii?"

"Si Mungu, Mama," Enos alisema. Alimwambia kwamba dawa zenyewe zinauzwa mjini, kisha akaita mgonjwa anayefuata. Celestine alipita duka la dawa akauliza bei, akatoka mikono mitupu.

Alipofika nyumbani alishika mwiko na kumwambia mgeni aondoke. Mgeni alitoka kwa adabu. Celestine alipogeuka, alimkuta ameketi kwenye kiti.

Mvua zilipoanza, baridi iliingia mifupani mwa Lornah. Miguu ilimvimba, akaacha shule. Celestine alimkanda kwa kitambaa cha moto, akiimba tenzi kwa sauti ya chini, huku mafuta yakipoa nje na wateja wakienda kwa Wakhisi. Siku moja mwanamke wa ule mradi alipita kuwaaga watu. Alikuwa na uso mwema. Alisimama mlangoni akauliza mtoto anaendeleaje, na mgeni akajibu kabla ya Celestine kufungua kinywa.

"Tunaendelea vizuri."

"Bwana asifiwe," mwanamke alisema, akaenda nyumba iliyofuata. Huko nako mtu alimjibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile.

Jioni hiyo walipiga magoti kama kawaida. Lornah hakuweza, basi alilala ubavu na kushika upindo wa leso ya mama yake. Mgeni alipiga goti moja, lile la kiatu cha ngozi.

"Bwana," Celestine aliomba, "wewe uliyesema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote, usinihesabu na huyu mtu. Mhesabu mtoto wangu peke yake. Uanze na mguu wa kushoto, ndio unamuuma zaidi."

Lornah alisema amina, meno yameumana. Mgeni naye alisema amina, kwa sauti safi na nene, na ya kwake ndiyo iliyosikika hadi nje.