Uanachama wa Mwaka Mzima

Tangu baba yake apotee katika uwanja wa ndege wa Sofia, Nevena hakupata tena usingizi wa kueleweka. Mzee Stamen, dereva wa treni mstaafu, alikuwa ameanza kusahau, na watoto wake wawili walimtunza kwa zamu: msimu mmoja kwa Nevena, Varna, msimu mwingine kwa Krum, Vienna. Katika safari ya mwisho, walipokuwa wakisubiri kubadilisha ndege, Nevena aligeuka kununua maji tu, baba hayupo. Polisi walimkuta nje kwenye theluji, hana koti, akimuuliza dereva wa teksi treni ya Plovdiv inatokea jukwaa gani.

Ndipo Nevena akaanza kuuwazia ukumbi wa mapumziko wa kulipia uliokuwa pale uwanjani. Ulikuwa na meza za vyakula, na mlango mmoja tu, na mhudumu hapo mlangoni. Ila uanachama wake uliuzwa kwa mwaka mzima.

"Uanachama wa kwenda kula zeituni," mumewe Lyuben alimtania. "Kumbe nimeoa waziri."

"Sitaki zeituni. Nataka mlango."

Lyuben akaacha utani. "Sawa, Neve. Lakini mwaka mzima? Una hakika mzee atasafiri mwaka mzima?"

Hilo ndilo lililomsumbua Nevena. Akilipa, atakuwa anajidanganya. Asipolipa, atakuwa amemkatia tamaa baba yake angali hai. Mwishowe akanunua tiketi ya kuingia ukumbini siku moja tu, ajaribu kwanza.

Siku ya safari waliukuta ukumbi umejaa.

"Subirini kidogo, mama," mhudumu alisema. "Hata wanachama wanasubiri."

Wakasimama kando. Watu walipita na masanduku yao, na kila mtu alipowakaribia, Nevena alizidi kumkaza baba mkono.

"Unaniumiza mkono, binti yangu. Mimi si mwizi."

"Nisamehe, baba."

Walipoingia, mzee alikula kipande cha banitsa, andazi la jibini, akasinzia kwenye kochi. Nevena akavuta pumzi, akaenda msalani. Kurudi, kochi tupu.

Akakimbilia mlangoni.

"Hajatoka," mhudumu alimhakikishia. "Nisingemwacha apite."

Akazunguka meza za chakula, akachungulia nyuma ya kila kiti, akiwaomba radhi watu asiowatazama usoni. Alimkuta kwenye pembe ya mbali, amesimama dirishani na koti lake limefungwa vifungo vyote. Huko chini, kigari kilivuta msururu wa matoroli ya mizigo.

"Mabehewa yamezidi," alisema Mzee Stamen. "Na huyu kijana anakata kona vibaya."

Nevena akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akatazama saa. Humo ndani hawakutangaza ndege. Wakatoka mbio, mzee akilalamika njia nzima, wakawa wa mwisho kupanda.

Vienna, Krum alifungua mikono kumkumbatia baba yake. Mzee akampa mkono kwa adabu.

"Asante kwa kutupokea, bwana. Mwanangu yuko njiani?"

Krum akalipokea begi lake. "Yuko njiani, baba."

Jioni Nevena na Krum walikaa jikoni wawili tu. Nevena aliweka simu mezani, ukurasa wa malipo umefunguka.

"Nilipe? Mlango ulimzuia, siwezi kukataa. Lakini nilikufa mara mbili mle ndani."

Krum akaisukuma simu kando. "Usilipe, dada. Tusimpandishe ndege tena. Zamu yangu ikifika, nitakuja mimi Varna."

"Na kazi?"

"Nitaomba ruhusa. Sijui watasemaje."

"Utalala wapi?"

"Kwenye kochi lenu. Lyuben atanisema, nimemzoea."

Nevena akafunga ule ukurasa. Alidhani atapata nafuu, lakini hakuipata.

"Bado kuna safari ya kumrudisha," alisema.

"Nitakuja nanyi."

Kutoka chumba cha pili mzee aliita, akiuliza kama kuna mtu humu ndani. Krum akainuka haraka.

"Tupo, baba," akamjibu, akaenda kukaa naye.