Sauti ya Mkalimani

Wakati wa chakula cha mchana, Vuyiswa aliketi peke yake kwenye ngazi za ukumbi. Alikuwa mkalimani wa Tume ya Ukweli ya Afrika Kusini, na kanuni ilimtaka aseme "mimi" kwa niaba ya kila shahidi. Asubuhi hiyo alikuwa amemtafsiria polisi mmoja: "Nilimuua Mzwandile. Naomba radhi."

Mama yake Mzwandile alimjia na sahani ya maharagwe.

"Mbona watu wanakukwepa, binti? Kwani wewe ndiye uliyeua?"

"Nimezoea, mama."

"Yule kaburu sikumtazama kabisa. Nilikusikiliza wewe kwenye vile vipokea sauti vya masikioni. Sauti yako ilipotetemeka, moyo ukalainika, nikamsamehe mbele ya watu wote."

Vuyiswa aliacha kutafuna mkate wake. Kabla ya Tume alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Polisi aliyasema maneno yale kwa Kiafrikana huku akitazama saa yake; aliyeyatetemesha ni Vuyiswa mwenyewe, kwa mazoea tu ya jukwaani.

"Mama, yeye hakutetemeka. Nilitetemeka mimi."

 Mama akamwekea ile sahani magotini.

"Basi nimekusamehe wewe, mwanangu. Yeye bado."

Akateremka ngazi polepole, bila kugeuka nyuma.