Tuzo ya Binti Aliyerudi

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na huenda kwao ilikuwa hivyo. Katika nyumba hii aliyetunzwa alikwenda kucheza ugenini, na aliyebaki kwao ndiye aliyechezwa.

Cherehani ya fundi, binti wa nyumba hii aliyeshonea watu nguo, ilikuwa imekunjwa tangu asubuhi na kufunikwa kitambaa cha lesi, na juu yake pakawekwa tuzo: sanamu ya shaba ya mwanamke asiye na uso, mikono juu kama anayeanika nguo. Sare za shule alizowaahidi wateja zilisukumwa chini ya kochi. Aliyeamua ni Kaka Mkubwa. Alitaka wageni wakiingia waone ushindi kwanza, wasione vipande vya nyuzi.

Mdogo wao wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mchana huo televisheni ilikuwa inakuja kurekodi kipindi ambacho watu hubishana kama washindi wa mwaka walistahili. Majirani walianza kubishana kabla kamera haijafika, wasije wakapitwa. Kinyozi alishikilia kwamba tuzo ilikuwa haki ya yule bibi aliyeigiza mama mgonjwa.

"Kalala kitandani filamu nzima," alisema, "na bado kaigiza kwa kidole kimoja. Nyie mnaojidai mnajua, hebu jaribuni kidole."

Shangazi akamjibu kwamba kulala si kuigiza, la sivyo marehemu mumewe angeacha kabati zima la tuzo. Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili akamtetea mwigizaji mwingine, yule wa filamu ya mjane wa askari, akaambiwa huyo analia kwa mabega tu, machozi hata ya kuazima hana. Mwalimu alinuna, akachukua biskuti mbili badala ya moja.

Kila ubishi ulipokwama, Kaka Mkubwa aliirudisha kwenye skrini ile sehemu ya filamu ya Kitinda. Binti wa filamu amebeba begi, amefika mpaka mlangoni mwa basi, kondakta amemnyooshea mkono. Anageuka. Anatembea njia nzima kurudi nyumbani, uso ukifunguka kidogo kidogo, mpaka anapiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Nimerudi, mama." Hapo hata kinyozi alifuta macho. Waamuzi walikuwa wametangaza kwamba tuzo imetolewa kwa ajili ya ukweli wa uigizaji wake katika dakika zile.

Kisha, kila mara, watu waligeuka kumtazama fundi aliyesimama na sinia. Kitinda alikuwa amesema redioni kwamba filamu ile ni hadithi ya dada yake, na tangu siku hiyo fundi hakupita njia kama mtu. Mama wa dukani alimshika mkono asiuachie. Wanawake walimwonyesha kwa mabinti zao: unamwona yule, aliacha chuo akamuuguze mama yake, na wewe kufagia tu unalalamika. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Malaika haulizwi habari za njia.

Kikohozi kilitoka chumba cha nyuma. Fundi akaweka sinia, akaenda. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha baba yao hata kabla nguo za marehemu mama hazijagawanywa, na kitanda kile kile kikapata mgonjwa mwingine na fundi yule yule. Akamgeuza ubavu, akamfuta kidevu, akamnyooshea shuka. Kupitia ukutani alisikia jinsi wanavyomsifu, na kila sifa ilishuka kama sepetu ya mchanga ndani ya shimo ambamo mtu bado amesimama.

Kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilikuwa kimempigia simu. Walimtaka asimamie meza ya kukatia vitambaa, aripoti Jumatatu. Alikwisha kumwambia Kaka Mkubwa, akamwomba wagawane mzigo: ama baba akakae kwake, ambako vyumba vimejaa mwangwi, ama atafutwe muuguzi, na yeye atachangia. Kaka Mkubwa hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alicheka kwa upole.

"Wewe uondoke, mdogo wangu? Watu wote wamekuona ukirudi. Nikimweka baba mikononi mwa muuguzi, nitawaambia nini?"

Ndipo fundi alipotambua kwamba filamu ilikuwa imemaliza kazi ambayo kaka yake peke yake asingeiweza.

Kitinda alimfuata jikoni. Alivaa gauni ambalo halikumruhusu kukaa, na uso wake ulikwisha pakwa poda kwa ajili ya kamera. Tangu apate tuzo hawakuwahi kubaki wawili tu. Fundi aliendelea kusuuza vikombe.

"Kufuli ulilipeleka wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Kitinda hakuuliza kufuli gani. Asubuhi ile ambayo fundi alikuwa aende chuo cha ushonaji, hakuliona basi wala kondakta. Alibeba begi mpaka getini, akakuta limefungwa kwa nje na Kaka Mkubwa amekwenda kazini na ufunguo. Alisimama pale mpaka basi likapiga honi barabarani, likapunguza mwendo, likaenda zake. Mama akaita, maji yalikuwa yanachemka, akaliacha begi chini na kwenda kuyaepua. Kitinda alikuwa mtoto wa shule siku hizo, yuko likizo. Aliona yote kutoka dirishani.

"Nilimwambia mwongozaji," alisema. "Akaniambia mtu akifungiwa, watazamaji wanakaa kumchukia aliyefunga. Akirudi mwenyewe, wanampenda yeye. Nikasema basi arudi."

"Na hukuona tabu?"

"Niliona nakupa kitu kizuri, dada." Machozi yalimlenga, na fundi, ambaye alimlea tangu hajajua kufunga viatu, hakuweza tena kujua ni machozi ya aina gani. "Leo sema tu nilistahili. Neno moja. Kuna watu wa filamu nyingine watakitazama kipindi hiki kabla hawajaamua."

Honi ya gari la televisheni ikakata maneno.

Mtangazaji alikuwa mwanamke wa sauti laini aliyemsikiliza kila mtu kama vile ndiye aliyemfuata. Kinyozi alirudia habari ya kidole, Shangazi akarudia ya marehemu, na mwalimu akajikuta anakubali kwamba Kitinda alistahili, maana mbele ya kamera mjane wa askari hakupata mtu wa kumtetea. Halafu Kaka Mkubwa akamvuta fundi katikati ya sebule, akamwekea mkono begani.

"Binti mwenyewe ndiye huyu," alisema. "Na hadi leo anamlea baba. Ukimtajia kuondoka, analia."

Kipaza sauti kikasogea.

"Wewe unajua kuliko sisi sote," mtangazaji alisema. "Mdogo wako alistahili?"

Fundi alimtazama Kitinda aliyesimama karibu na cherehani iliyofunikwa, akitabasamu kwa midomo tu. Neno lilikuwa moja, jepesi. Mkono wa begani ulimbana kidogo, kama mtu anayemhimiza ng'ombe aingie zizini.

"Anaigiza vizuri," fundi alisema. "Kama ni tuzo ya kuliza watu, apewe mbili. Lakini waamuzi wamesema ni ya ukweli, na hapo hakustahili. Mimi sikurudi. Hata barabarani sikufika. Kaka yangu huyu alifunga geti kwa kufuli akaondoka na ufunguo, na mdogo wangu alikuwa dirishani anatazama. Huyo binti aliyerudi simjui. Na Jumatatu naanza kazi mji mwingine."

Mkono uliondoka begani. Kwenye skrini, sauti ikiwa imezimwa, binti alikuwa anapiga magoti tena.

Kinyozi ndiye aliyekumbuka kwanza kwamba kuna mteja anamsubiri. Wengine nao wakakumbuka mambo yao, wakatoka wakiwa wameinamisha vichwa, na ubishi ukaanza upya walipofika nje. Kaka Mkubwa alimsindikiza mtangazaji mpaka kwenye gari, wakanong'ona kwa muda mrefu. Alirudi na jibu: wamekubali kurekodi upya. Fundi aseme kwamba amechoka kwa kuuguza, maneno yalimponyoka, na awaombe radhi mdogo wake na familia.

Shangazi alimshika kiwiko. "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Sema ulichoka. Nani atakataa kwamba umechoka?"

"Umeniaibisha, dada," Kitinda alisema. Poda ilikuwa imefanya mifereji. "Mbele ya watu wote."

Kaka Mkubwa alikuja karibu, akashusha sauti, na safari hii hakucheka. "Sikiliza. Omba radhi, na muuguzi nitamleta. Wiki hii hii. Jumatatu utakwenda kazini kwako kwa baraka zetu. Watu tutawaambia umekwenda kwa muda mfupi, utarudi."

Fundi alitamani. Asikudanganye mtu kwamba hakutamani. Kila alichokiomba kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na bei yake ilikuwa maneno ambayo hata mtoto huyasema akimwaga uji. Lakini alimsikia vizuri kaka yake: utarudi. Wangemtoa getini na kumwacha yule binti wa filamu kando ya kitanda, amepiga magoti, anamngoja. Na siku yoyote muuguzi akiugua, au baba akizidiwa, wangepiga simu kumwita huyo binti, na mwenye kuitika angekuwa yeye.

Mlangoni mpiga picha alikwisha inua kamera. Mtangazaji alisimama nyuma yake na kutikisa kichwa kwa huruma, tayari kusamehe kwa niaba ya watazamaji.

"Muuguzi mleteni kwa sababu baba anahitaji muuguzi," fundi alisema. "Jumatatu sipo. Radhi siombi. Leo siombi, na mkinipigia kesho kuniuliza, kesho pia siombi."