Nungu Alivyovuka Mto

Watu wazima, wenye kazi zao na vitambulisho shingoni, hawafai kukosana kwa sababu ya nungunungu wa katuni. Lakini ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko Doha, baada ya ibada kanisani, kwenye sebule ya Kerubo mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu. Viatu mlangoni, chai ya karak, ya maziwa na iliki, kwenye chupa, mandazi kwenye sinia, na kelele ambazo zilikuwa zimemfanya jirani wa chini agonge dari kwa ufagio mara mbili mwezi huo.

Katuni yenyewe iliitwa Nungu Tarishi. Ilionyeshwa Jumamosi asubuhi, enzi zile televisheni ni moja na watoto ni thelathini. Nungu alikuwa mpeleka barua. Kila kipindi barua moja, kila barua mlima wake. Mkubwa wake pale posta, Mzee Kima, alikuwa na tabia mbaya: alizifungua barua za watu kwa mvuke wa birika, akazisoma, kisha akazibandika upya kwa uji.

"Kima hakuwa mbaya," Phoebe alisema Ijumaa hiyo, kama alivyosema Ijumaa zote. Phoebe alikuwa Mganda, anapokea wageni hotelini kule Lusail, na siku nzima alisikiliza malalamiko ya watu mpaka akawa na huruma hata kwa wezi. "Mzee wa watu hakuwahi kuandikiwa barua hata moja. Wewe ukae posta miaka yote unagonga mihuri ya wenzako, hutachungulia?"

"Kuchungulia ni kuchungulia," Wanjohi akamjibu. Yeye alikuwa mlinzi wa ghala, akiishi Al Wakrah, na mambo ya kufungua vya watu hakuyachekea. "Mimi nikifungua boksi moja pale kazini niseme nilikuwa mpweke, kesho niko kwa ndege."

"Shida si Kima, shida ni waandishi," Rodney akaingilia. Rodney alikuwa mtu wa kompyuta, na aliipenda katuni ile kwa kuitafutia makosa. "Kipindi cha tisa Nungu hajui kusoma. Cha kumi na nne anasoma kibao cha njia. Amesomea wapi?"

"Si alijifunza hapo katikati," Phoebe akasema.

"Katikati wapi? Nitajie kipindi."

Kerubo alikuwa akiwamiminia chai na kucheka. Alikuwa muuguzi, wiki nzima alikuwa amesimama kwa miguu wodini, na saa hizi tatu ndizo zilizomrudisha kuwa mtoto wa Keroka, mwenye magoti ya vumbi. Katika kundi lile yeye alikuwa na cheo chake: ndiye pekee aliyejua mwisho. Wengine wote waliapa kwamba katuni ilikatizwa tu, Nungu akaachwa njiani, wiki iliyofuata wakawekewa mahubiri. Kerubo akawaambia sivyo. Nungu, akichechemea na mguu wake mbovu, alipewa barua ya mwisho ampelekee mamake mwenyewe. Akafika kwenye mto uliofurika. Na nani akatokea kumbeba mgongoni? Mzee Kima. Wakavuka. Mama mtu hakujua kusoma, basi Nungu akakaa kando yake, akamsomea.

Phoebe alikuwa ameujenga utetezi wake wote wa Kima juu ya mwisho huo. Wanjohi hakuukubali hata siku moja.

"Na huo mguu mbovu uliutoa wapi? Nungu alikuwa anatembea sawa."

"Mimi niliona," Kerubo alisema.

Hapo, tuseme ukweli, Kerubo naye alikuwa ameongeza chumvi yake. Hakuona. Mwaka ule alikuwa na miaka saba, ameteleza kisimani, mguu umefungwa plasta kuanzia nyonga hadi kifundo, amelazwa kitandani miezi minne. Aliyeona ni kakake Benard, mwenye miaka kumi, ambaye kila Jumamosi alienda kusimama nje ya dirisha la Mwalimu Damaris, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Kisha alirudi mbio nyumbani, akajifunika blanketi kama miiba, akamsimulia dada yake kila kitu tangu wimbo hadi mwisho. Siku zile ndivyo mambo yalivyokuwa: aliyeona aliona kwa niaba ya ambao hawakuona. Benard alisimulia vizuri kiasi kwamba baada ya miaka Kerubo alikuwa na picha zote kichwani, na rangi zake.

Sasa Rodney akaweka kikombe chini, akatoa kompyuta kwenye mkoba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeficha habari tangu ibadani.

"Nimevipata vyote," alisema. "Vipindi hamsini na viwili. Kuna mtu alihifadhi kanda za zamani, akaziweka mtandaoni. Leo tunamaliza ubishi."

Wanjohi akasugua mikono. Phoebe akamkumbatia Kerubo begani na kusema, leo watatuomba msamaha. Kerubo akatabasamu, lakini akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai yake haijaisha, na sababu yake hakuna mle ndani aliyeijua.

Miaka miwili ilikuwa imepita bila yeye kuzungumza na Benard. Mama yao alipozidiwa kule nyumbani, sukari ikiwa imeshamaliza macho yake na sasa imeingia kwenye figo, Kerubo aliomba ruhusa kazini, akapata kiti cha ndege cha Jumapili. Mama akafariki Jumamosi. Kwenye mazishi shangazi Jerusha akamwambia, kwa nia njema, kwamba mama aliondoka akimngoja, maana Benard alikuwa amemwambia Kerubo ameshatua Nairobi, yuko njiani. Kerubo akaona picha ya mama asiyeona, ametega sikio getini siku nzima, akimngoja mtu ambaye hata hajapanda ndege. Akamgeukia kaka yake mbele ya jeneza, watu wakisikia, akamwita muongo. Tangu hapo salamu zikawa zinapitia kwa shangazi.

Kitu kimoja tu cha Benard alikuwa amekiacha safi, nacho ni zile Jumamosi za plasta. Kama na hizo zilikuwa uongo, basi hakuwa na kaka tena wa kumkumbuka. Ndiyo maana alitamani kompyuta ya Rodney izime.

Haikuzima. Waliunganisha na televisheni, wakaanza kipindi cha hamsini. Wimbo ulipolia wote wanne waliuimba, na Wanjohi, mtu mzima wa mabega mapana, akafuta macho na kusingizia kiyoyozi. Nungu akatokea na mkoba wake wa barua. Alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka, na amechorwa vibaya, miiba yake inahesabika. Hakuna aliyejali. Jamani, utoto una deni gani kwetu mpaka tuulilie hivi?

Dakika ya tatu Nungu akapanda kilima mbio.

"Mbona hachechemei?" Kerubo akauliza.

"Nani? Huyu?" Rodney akasimamisha picha. "Hajawahi kuchechemea. Miguu minne, yote mizima."

"Labda anaumia baadaye."

Hakuumia. Si kipindi cha hamsini, si cha hamsini na moja. Kerubo alitazama ile miguu kama anavyotazama mashine ya mgonjwa, na polepole akaelewa ni mguu wa nani uliokuwa mbovu. Benard alikuwa amechukua mguu wa dada yake, ule wa plasta, akampa Nungu, na kila wiki akampandisha nao mlima.

Kipindi cha mwisho kilifika. Barua ya mama ilikuwepo kweli, na mto ulikuwepo, umefurika, unabeba magogo. Phoebe akamshika Kerubo mkono. "Sasa anakuja Kima," alinong'ona. Nungu akasimama ukingoni. Mvua ikanyesha. Akatazama ng'ambo, ambako taa moja ilikuwa ikiwaka, akakaa chini juu ya mkoba wake, barua isilowe. Picha ikasimama hapo. Majina yakaanza kupanda.

Hata Wanjohi, aliyeshinda ubishi wa miezi minane, hakuonekana mtu aliyeshinda. Kisha Phoebe, kwa sauti ndogo, akasema, "Sasa waliwafanyiaje watoto kitu kama hicho?"

"Pesa ziliwaishia, nadhani," Rodney akasema. "Lakini Kerubo, mwisho wako ni mzuri kuliko wao. Ni nani aliutunga?"

"Kaka yangu," Kerubo alisema. "Alikuwa na miaka kumi."

Akachukua simu, akatoka hadi kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yake. Ilikuwa alasiri, na joto la ngazini lilimpokea kwa nguvu. Alikaa kwenye kidato, akatafuta jina alilokuwa amelizuia lisimpigie. Saa za Doha na za Keroka ni moja. Benard angekuwa kwenye kibanda chake cha kinyozi, anawanyoa watu wa Ijumaa. Hasira ya Kerubo bado ilikuwepo. Ila ilikuwa imekosa mahali pa kukaa.

Simu ililia mara tano.

"Kerubo?" Sauti ya Benard ilikuwa ya mtu anayetarajia msiba. "Kumetokea nini?"

"Hakuna. Nungu hakuvuka mto."

Mashine ya kunyolea ilisikika ikinguruma, kisha ikazimwa. "Ngoja nitoke nje," alisema. Mlango ukafungwa, pikipiki ikapita. "Umesema nini?"

"Hakuvuka, Benard. Nimetazama sasa hivi. Anakaa ukingoni, mvua inanyesha, inaisha."

"Najua. Si nilikuwa dirishani."

"Kwa nini uliniambia alivuka?"

Benard alivuta pumzi. "Ulikuwa unaniuliza tangu Jumatatu kama atafika. Na daktari alikuwa amemwambia mama huenda usitembee sawasawa, nilisikia. Sasa ningeingia mle chumbani nikuambie amekaa tu kwa mvua? Nilitembea polepole kutoka kwa Mwalimu nikitafuta vile atavuka. Kima nilimpata nikiwa nimefika kwa miti yetu. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa."

Kerubo alicheka, na kicheko kikageuka kilio bila kumwomba ruhusa. Benard alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, hilo Kerubo alikuwa amelisahau.

"Na mama?" akauliza mwishowe. "Ulimwambia niko njiani. Akafa akiningoja."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Shangazi Jerusha."

"Shangazi aliondoka kurudi kwake Ijumaa jioni," Benard akasema. "Ijumaa ndiyo nilimwambia uko njiani, sikatai. Jumamosi kabla ya mapambazuko akaamka, anauliza kama geti limelia. Nikaona huku kungoja kunamuumiza kuliko ugonjwa. Nikamwambia umefika."

Kerubo alishika chuma cha ngazi. Kilikuwa cha moto, na hakukiachilia.

"Miaka miwili, Benard. Mbona hukuniambia?"

"Uliniita muongo, na nilikuwa nimedanganya. Ningejitetea na nini?"

Nyuma ya mlango wenzake walikuwa wameanza tena, kwa sauti za chini sasa; Phoebe alikuwa akisema kwamba mwandishi anayemwacha mtoto kwenye mvua lazima hakuwahi kuwa na dada. Kerubo alijifuta uso kwa ukingo wa blauzi.

"Nisimulie," alisema.

"Nini?"

"Vile nilifika."

Benard akakohoa, kama zamani kabla ya kujifunika blanketi.

"Basi," alisema. "Ulishuka kwa gari la usiku pale stendi, na giza bado. Mbwa hawakukubwekea, walikujua. Ulikuwa na sanduku kubwa, magurudumu yamejaa tope."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Mama aliuliza hivyo hivyo. Nikamwambia sweta lake la kijani, lile ulienda nalo. Akafurahi, akasema alidhani ulilitupa. Akauliza mbona hukuja kumsalimia. Nikamwambia ulikuja, ukamshika mkono akiwa usingizini, hukutaka kumwamsha, na sasa umelala chumba cha pili, umechoka na ndege."

"Akasema?"

"Akasema tukuache ulale. Akaniambia niende nikufunike vizuri, umezoea joto la huko Uarabuni, baridi ya kwetu itakuumiza. Baadaye kidogo na yeye akalala, hakuamka tena."

Kerubo alifumba macho. "Na ulinifunika?"

"Nilienda," Benard akasema. "Nilitoa blanketi kabatini, lile zito, nikalitandaza kwenye kitanda chako, nikalikunja pale juu, mahali pa shingo. Ndipo nikarudi nikamwambia nimekufunika."